Manali hadi Leh kwa baiskeli na kampuni ya waongozaji: ratiba hii inafaa?

NeemaWaNjiro

Wakuu, habari zenu. Nimepata nafasi kwenye msafara wa baiskeli wa Manali–Leh, kaskazini mwa India, katikati ya mwezi wa nane. Kampuni inatoa mwongozaji, fundi, mpishi na gari moja la mizigo. Ratiba waliyonitumia, kwa mahali pa kulala na mwinuko wake kwa mita:

Manali (2,050) usiku mmoja, Marhi (3,360), kisha kuvuka Rohtang La (La ni kipito cha mlimani) na kulala Sissu (3,100), Jispa (3,200), Zingzingbar (4,270), kuvuka Baralacha La na kulala Sarchu (4,290), Pang (4,600), kambi ya uwanda wa More (4,700), kuvuka Tanglang La na kulala Rumtse (4,200), halafu Leh (3,500). Baada ya hapo siku moja ya Khardung La kwa anayetaka.

Maswali yangu matatu. Kwanza, mtu anayeishi Arusha, mita 1,400 hivi, ataimudu ratiba hii? Pili, baiskeli yangu ni ya njia za changarawe: tairi za milimita 40, sproketi ya mbele meno 40, kubwa ya nyuma meno 42. Niende nayo au nikodi kwao? Tatu, niwaulize nini kabla sijalipa amana? Kuna watu wananiambia kwamba aliyefika Kibo bila kuumwa kichwa, Himalaya ni mteremko tu. Hilo lina ukweli kiasi gani?

Kessy_Mlimani

Dada Neema, umefanya vizuri kuandika mahali pa kulala, kwa sababu safari hii hasa huamuliwa na usiku. Kilomita ziko kama 475 kutoka Manali hadi Leh, na miteremko ya barabara yenyewe ni ya wastani. Rohtang unapanda mita 1,900 na ushee kwa kilomita 51, yaani chini ya asilimia 4. Mwenye miguu ya kawaida anafika. Wanaorudishwa kwa gari wengi hurudishwa na kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi.

Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya usiku 3 au 4 pawe na mapumziko. Sasa tazama ratiba yako: Jispa 3,200 kwenda Zingzingbar 4,270. Hizo ni mita 1,070 kwa mkupuo, na umezipanda kwa kukanyaga pedali mchana kutwa. Hapo ndipo watu huharibikiwa, ila dalili huja saa 6 hadi 12 baadaye, kwa hiyo wao husema wameugulia Sarchu.

Na Sarchu ni mtego. Kusini yake kuna Baralacha, 4,890. Kaskazini kuna Nakee La, 4,740, na Lachulung La, 5,065. Mgonjwa wa Sarchu hawezi kuteremka bila kwanza kupandishwa. Pang ni hivyo hivyo: nyuma Lachulung, mbele uwanda wa More na Tanglang La yenye 5,328. Kwetu Kilimanjaro, mtu akizidiwa Kibo unamgeuza na kila hatua inamshusha. Kule hakuna hiyo nafuu.

Kwa hiyo uamuzi ufanyike Zingzingbar, jioni na tena asubuhi, kabla ya kuvuka Baralacha. Mwenye kichwa kinachouma na hamu ya chakula imekata, asivuke. Arudi Jispa kwa gari, ni mteremko mtupu. Kampuni isiyokubali jambo hilo kwa maandishi, usiwape pesa.

Kuhusu Kibo: Mandara ni 2,700, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Unaona nazo zinaruka mita elfu moja moja, ndiyo maana waongozaji wanaojali huongeza siku Horombo. Lakini Kibo unalala nusu usiku, unapanda kileleni na siku hiyo hiyo uko Horombo. Manali–Leh unalala usiku 4 mfululizo juu ya 4,200, na kila asubuhi unafanya kazi nzito. Halafu mazoea ya mwili kwa hewa nyembamba hupotea ndani ya wiki chache. Kibo ya Januari haikusaidii Agosti, isipokuwa kukujulisha jinsi mwili wako unavyolalamika.

Marekebisho ninayoyapendekeza: Manali usiku 2, Jispa usiku 2 (siku ya katikati panda kwa baiskeli bila mzigo hadi Patseo, urudi kulala chini), kisha usiku mmoja Patseo kwenye 3,750 hivi, ndipo Zingzingbar. Ni siku 3 za nyongeza. Kampuni nyingi hazipendi kwa sababu kila siku ni posho ya watu na gari, lakini hizo ndizo siku za thamani kuliko zote utakazolipia.

Fundi_Spoki

Dada, nijibu la baiskeli.

Gia yako haitoshi. Meno 40 mbele kwa 42 nyuma ni uwiano wa 0.95. Kwa gurudumu lako, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, unalazimika kwenda kama 7.5 km/h. Juu ya mita 4,500 umeshapoteza theluthi moja ya nguvu zako hivi, hutaifikia kasi hiyo kwenye mpando, kwa hiyo utakanyaga mizunguko 40 kwa nguvu za magoti. Siku ya kwanza utavumilia. Siku ya nne goti linavimba.

Baiskeli ya mlimani yenye 32 mbele na 51 nyuma ni 0.63. Kwa mizunguko ile ile 60 unakwenda 5.2 km/h, unapumua na unaweza kuongea. Hiyo ndiyo kasi ya Gata Loops, mpando wa baada ya Sarchu: kona 21, kama kilomita 10, panda ya mita 450 hivi, takriban saa mbili. Ukiweza kupata 30 mbele, bora zaidi.

Kubadilisha ya kwako si rahisi. Kishikio cha sproketi kwenye baiskeli nyingi za changarawe hakikubali meno machache chini ya 34 au 36, na ukitaka kaseti (rundo la sproketi za nyuma) ya 51 unahitaji direla (kifaa cha kuhamisha cheni) ya mlimani, ambayo mara nyingi haisomani na mikono ya gia ya usukani uliopinda. Utamaliza pesa na bado itaruka gia. Kodi kwao, ila nenda na siti yako mwenyewe, pedali zako na viatu vyako. Andika kwenye karatasi urefu wa siti kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedali kwenye fremu hadi juu ya siti, upime siku ya kwanza kwa utepe.

Baiskeli ya kukodi usiipokee kwa kuitazama rangi. Fanya haya mbele ya fundi wao:

Shika tairi la nyuma ulitikise kulia na kushoto. Likicheza, bearingi za habu (kitovu cha gurudumu) zimekwisha, na tope la Rohtang litazimaliza kabisa. Binya spoki mbilimbili kuzunguka rimu, iliyolegea utaisikia. Toa gurudumu uone unene wa pedi za breki: nyenzo ya msuguano ikiwa chini ya milimita 1, zibadilishwe hapo hapo. Bana mkono wa breki kwa sekunde 10. Ukizama taratibu kuelekea usukani au ukiwa laini kama sifongo, kuna hewa kwenye mafuta, na hewa hiyo hutanuka kadiri unavyopanda. Breki iliyo laini Manali itakuwa laini zaidi Tanglang La, mahali ambapo una kilomita 60 za kuteremka.

Pedi: za resini zinabana vizuri lakini kwenye maji na mchanga zinaisha upesi mno, siku moja ya tope upande wa kusini wa Rohtang inaweza kuzimaliza. Omba za chuma. Angalia diski kwanza, maana diski nyingine za bei nafuu zimeandikwa kuwa ni za pedi za resini tu, na za chuma zitaila. Beba jozi mbili za akiba kwa kila gurudumu, na uhakikishe ni za aina ya breki ile ile. Pedi hazibadilishani hovyo.

Muhimu kuliko yote: kile kibati kidogo cha alumini kinachoshika direla ya nyuma kwenye fremu. Baiskeli ikianguka upande wa kulia kinapinda au kinavunjika, na kila modeli ina cha kwake. Fundi anaweza kuwa na tyubu 20 na cheni 5, lakini bila kibati hicho safari imekwisha. Uliza kama wanacho cha baiskeli utakayopewa, kimoja angalau.

Tairi inchi 2.1 au 2.25. Kuna hofu kwamba mlimani tairi hupasuka kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Hesabu yake ni hii: kutoka Manali hadi 5,300 shinikizo la nje hupungua kama psi 4 (psi ni kipimo cha shinikizo), kwa hiyo geji inapanda psi 4. Lakini baridi nayo inabana hewa iliyomo. Kutoka nyuzi 20 hadi 0 unapoteza kama psi 3. Zinakaribia kufutana. Weka psi 28 hadi 32 kulingana na uzito wako, usihangaike.

Kinachobadilika kweli ni pampu. Kule juu kila mvuto wa pampu unachukua karibu nusu ya hewa ambayo ungeichukua Dar. Pampu ndogo ya mkononi inayokutaka mivuto 150 pwani itakutaka kama 280, nawe huna pumzi. Hakikisha gari lina pampu ya kusimama. Gundi ya viraka nayo hukauka taratibu kwenye baridi. Pasha tyubu kwapani kwanza, sugua, paka, subiri dakika 8 hivi hadi isinate kwenye kidole, ndipo ubandike. Viraka vya kujinatisha havifai kule, vumbi laini linaingia chini yake.

Cheni: mafuta mazito yanakusanya vumbi na kuwa msasa. Tumia mafuta mepesi ya nchi kavu au nta, ufute kwa kitambaa kila jioni. Ukipita kwenye maji, paka upya.

Mla_Upepo

Kwa nini asianzie Leh? Unaruka kwa ndege, unatembea mjini siku mbili, halafu unashuka kwenda Manali. Mwisho wa safari ni 2,050, kwa hiyo jumla ya kupanda inakuwa ndogo.

Kessy_Mlimani

Ndugu, ukitoka Delhi asubuhi uko mita 200, saa moja na nusu baadaye uko 3,500. Siku mbili za kupumzika ni chache, na kituo kinachofuata cha maana ni Rumtse 4,200, kisha kipito cha 5,328. Yaani kipito cha juu kuliko vyote unakikuta wakati mwili haujazoea lolote. Inawezekana, lakini hapo weka usiku 4 au 5 Leh. Kuanzia Manali kuna faida moja kubwa: ngazi za chini zipo. Tatizo la ratiba ya dada ni kwamba imeziruka.

Muuguzi_Mza

Dada Neema, niongeze ya afya, maana yapo yanayotuhusu sisi hasa ambayo mwongozaji wa kule hatayafikiria.

Malaria. Ukitoka na vimelea mwilini, homa itakupanda ukiwa kambini. Ugonjwa wa mwinuko wa kawaida hauleti homa kali. Kule watakuambia ni hewa, au ni mafua. Beba kipimo cha haraka cha malaria viwili au vitatu na dozi kamili ya dawa mseto, na umwambie mwongozaji siku ya kwanza kwamba umetoka ukanda wa malaria.

Selimundu. Pima kabla hujalipa. Mwenye ugonjwa wenyewe (SS) asiende. Mwenye kurithi upande mmoja (AS), na kwetu Kanda ya Ziwa ni wengi bila kujijua, kwa kawaida yuko salama, lakini kwenye hewa nyembamba pamoja na kazi nzito na kukaukiwa maji, mishipa ya wengu inaweza kuziba. Dalili ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Akiyapata, ni oksijeni na kushushwa mara moja, asisubiri kukuche.

Acetazolamide, wengi wanaiita kwa jina la biashara Diamox: kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Kwa ratiba yako ungeanza Manali. Zungumza na daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Itakupeleka chooni mara kwa mara, na vidole vitachonyota. Soda itakuwa na ladha mbaya, hilo ni la kawaida. Ijaribu nyumbani siku mbili ili ujue inavyokufanya. Dawa haifichi dalili za ugonjwa, ila pia haikupi ruhusa ya kuruka mita elfu.

Oksimita ya kidole: kila kampuni inayo siku hizi. Jua mambo matatu. Vidole baridi vinatoa namba ya uongo, pasha mikono kwanza. Hina au rangi ya kucha inavuruga usomaji, kwa hiyo acha kidole kimoja wazi. Na kwa ngozi nyeusi vifaa hivi huelekea kusoma juu kuliko ukweli. Hili limethibitishwa hospitalini. Ukisomeka 84 kati ya wenzako wenye 84, huenda wewe uko chini zaidi. Ndiyo maana usijilinganishe na mwenzio. Andika namba yako kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na kinachotisha ni kuporomoka ghafla huku wengine wakipanda.

Dalili mbili za kumshusha mtu hata kama ni saa 8 usiku: anahema akiwa amekaa tu, na kukohoa (mapafu yanajaa maji, mara nyingi usiku wa pili hadi wa nne kwenye kimo kipya), au ameshindwa kutembea kwenye mstari kwa kugusisha kisigino na kidole (ubongo unavimba). Kipimo cha mstari kifanywe na kila mtu kila jioni kabla ya chakula, bila aibu. Mtu aliyechoka anatembea polepole, lakini hayumbi.

Kuhusu oksijeni, uliza lita, usikubali jibu la "tunayo". Kikopo cha kupulizia chenye lita 10 kinaisha kwa dakika 5 ukitumia lita 2 kwa dakika. Mtungi wa lita 1,500 unakupa saa 12 kwa kasi hiyo, au saa 6 kwa lita 4. Kutoka Sarchu hadi Keylong (mji wenye hospitali, kati ya Sissu na Jispa) ni zaidi ya kilomita 100 ukipitia 4,890, hesabu saa 4 barabara ikiwa nzuri. Kampuni makini pia hubeba mfuko wa shinikizo: mgonjwa analazwa ndani, unapampiwa kwa mguu, na mwili wake unajiona uko mita 1,500 hivi au zaidi chini. Unasaidia wakati barabara imefungwa na maporomoko.

NeemaWaNjiro

Asanteni sana, hili la selimundu sikuwahi kulisikia popote kwenye habari za safari hii. Nitapima wiki hii. Na barabara yenyewe je, mvua za Agosti zikoje? Na vibali?

Abu_Nasra

Salaam. Bibi Neema, kutoka hapa Maskati njia ya Delhi ni ya kila siku, na mambo ya makaratasi ya India ni haya.

Viza ya mtandaoni ipo kwa Watanzania na Wakenya. Ombea kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, kwani ziko nyingi za kuigiza zinazotoza mara mbili. Cheti cha homa ya manjano usikisahau. India hawana mchezo nacho kwa anayetoka au aliyepitia nchi zenye ugonjwa huo, kama Kenya, Uganda na Kongo, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini. Chanjo lazima iwe na siku 10 kabla ya kuwasili. Ukiunganisha ndege Nairobi, usibishane na mtu, beba tu.

Simu ya setilaiti na vile vifaa vidogo vya kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, viache nyumbani. India ni kosa la jinai kuvimiliki bila kibali, na wageni wamekamatwa viwanja vya ndege kwa ajili ya vifaa hivyo. Laini ya simu ya kulipia kabla uliyoisajili Delhi kwa kawaida haifanyi kazi ukiingia Ladakh, jimbo la Leh, na baina ya Darcha (baada ya Jispa) na Upshi (kabla ya Leh) usitegemee mtandao. Waage watu wa nyumbani Keylong, uwaambie siku ngapi utakuwa kimya.

Darcha, Sarchu na Upshi polisi huandika pasipoti za wageni. Uwe na nakala kumi za pasipoti na viza. Khardung La inataka kibali cha eneo la mpakani, kampuni hukitolea Leh. Na ukifika pale juu, bango maarufu la futi 18,380 lisikubabaishe: vipimo vya GPS vinatoa kama mita 5,360, karibu sawa na Tanglang La. Kutoka Leh ni kilomita 40 hivi na mita 1,850 za kupanda.

Bima: fungua kipengele cha mwinuko. Nyingi hukoma mita 4,000 au 4,500, na wewe utalala 4,700. Tena angalia kama baiskeli ya milimani imetajwa kwa jina, na kama uokoaji kwa helikopta umo ndani.

Kurudi: ndege za Leh huruka asubuhi, na hali ya hewa ikiharibika zinaahirishwa. Weka siku moja tupu, bora mbili, kati ya Leh na ndege yako ya kimataifa.

Fundi_Spoki

Nijibu barabara. Himalaya kubwa inakinga mvua: upande wa Manali hadi Rohtang masika yao yanamwagika Julai na Agosti, tope, ukungu na maporomoko. Ukivuka, Lahaul (bonde la Sissu na Jispa) ni kukavu zaidi, na Ladakh ni jangwa. Ningekuwa na uhuru wa tarehe ningeomba kuanzia tarehe 1 hadi 10 Septemba. Mvua zinapungua, vijito vinashuka, ila usiku Sarchu na Pang maji yanaganda kwenye chupa. Leta begi la kulalia la nyuzi 10 chini ya sifuri.

Tangu handaki la Atal lifunguliwe Oktoba 2020, lenye urefu wa kilomita 9 kupita chini ya mlima, malori mengi hayapiti tena Rohtang. Kwa mwendesha baiskeli ni neema, barabara ya juu imetulia. Malori na misafara ya jeshi utayakuta baada ya Sissu. Wanaendesha kushoto kama kwetu. Kwenye kona kali usijipenyeze upande wa ndani, lori refu linakata kona kwa magurudumu ya nyuma.

Vijito ndivyo vinavyowashangaza watu. Maji ya barafu iliyoyeyuka yanapita juu ya barabara, hasa kati ya Patseo na Bharatpur (kambi ya ng'ambo ya Baralacha). Alfajiri yanafika kwenye kifundo cha mguu, saa 9 alasiri yanafika gotini na yanasukuma mawe. Sababu ni jua: barafu inayeyuka mchana, na maji yanachukua saa kadhaa kufika barabarani. Ondoka kambini saa 12 na nusu asubuhi. Maji yakipita ekseli ya pedali, shuka, vaa makubadhi, beba baiskeli begani upande wa chini wa mkondo ili ikisukumwa isikuangukie. Kisha kausha miguu na vaa soksi nyingine kabla ya kuendelea. Mteremko wa Baralacha kwa soksi mbichi unaua vidole.

Kuondoka mapema kunakusaidia pia More. Uwanda ule ni tambarare kwa kilomita 40 hivi, lami nzuri, lakini baada ya saa 7 mchana upepo unaanza, na unaweza kutumia gia ya kupandia mlima mahali pasipo na mlima.

Usimkabidhi dereva kila kitu. Gari linatangulia kupika, au linakwama nyuma ya maporomoko. Mgongoni uwe na koti la mvua, koti la manyoya, glavu nzito, fulana kavu ya kubadilisha kileleni kabla ya kuteremka, lita 2.5 za maji, chakula cha saa 4, tyubu, pampu na funguo. Chujio la maji lenye nyuzi ndani likiganda usiku linapasuka bila kuonekana na halichuji tena, kwa hiyo lala nalo kwenye begi la kulalia.

NeemaWaNjiro

Kampuni imejibu. Wamekubali usiku 2 Manali, lakini wanasema nichague kati ya usiku wa pili Jispa au usiku mmoja Patseo, siyo vyote. Gari ni moja, oksijeni ni "mitungi midogo kadhaa". Sarchu hadi Pang wanafanya kwa siku moja.

Kessy_Mlimani

Chagua Patseo. Ukilala 3,750, mruko mmoja wa 1,070 unagawanyika kuwa 550 na 520. Usiku wa pili Jispa ungekupa mapumziko lakini mruko ungebaki ule ule. Na siku ya Jispa kwenda Patseo ni fupi, kama kilomita 20, mtafika kabla ya saa sita. Baada ya chakula tembea kwa miguu mita 200 juu ya kambi, kaa nusu saa, rudi.

Sarchu hadi Pang ni kilomita 78 na vipito viwili. Waambie wasilale Sarchu, wasogee kilomita 24 hadi chini ya Gata Loops. Mwinuko ni karibu ule ule, barabara ni tambarare au inashuka kidogo, na kesho yake mnaanza kona 21 asubuhi na mapema badala ya saa 5 jua likiwa utosini. Hilo haliwagharimu chochote, maji yapo.

Wasikudanganye na kambi ya katikati, Whisky Nala, baina ya Nakee na Lachulung. Inagawa siku vizuri kwenye karatasi, lakini unalala juu kuliko Pang, na mpo katikati ya vipito viwili.

Muuguzi_Mza

Kuhusu gari moja na mitungi midogo: waulize mko wangapi. Gari likimpeleka mgonjwa Keylong, waliobaki watalala wapi na watakula nini? Wakijibu kwamba watasimamisha lori, waambie wakodi gari la pili kuanzia Darcha hadi Rumtse, mgawane gharama wenyewe. Ni siku 6 au 7 tu. Mtungi mkubwa wa oksijeni waulizie Manali, si Leh, kwa sababu unauhitaji kabla ya kufika Leh. Siku ya kuanza wafungue valvu mbele yenu, msome geji, na mask yenye mpira iwe imeshaunganishwa na kuzunguka pua ya mtu mmoja wenu kwa dakika moja. Mtungi uliojaa bila regyuleta inayolingana nao hauna kazi.

NeemaWaNjiro

Nimewaandikia yote mawili, la gari la pili na la kambi ya Gata. Tarehe nimeomba wanisogeze kwenye kundi la tarehe 4 Septemba. Fundi, nikikodi baiskeli yao, spoki za akiba nibebe za urefu gani?

Fundi_Spoki

Usikisie, dada. Waombe picha ya habu na rimu zenye maandishi, na idadi ya matundu. Gurudumu moja lina urefu wa aina mbili: upande wa kaseti na upande wa diski hutofautiana kwa milimita 1 hadi 3. Ikishindikana, nunua spoki ya dharura ya uzi, inafaa urefu wowote na hujifunga bila kung'oa kaseti. Beba mbili. Na funguo ya nipeli (nati ya kukazia spoki) ya ukubwa wa 3.2 na wa 3.4, maana hujui wameweka ipi.

Ukipata picha, ziweke hapa nikuhesabie.